Rolakosta ya mbao yenye matatizo: ni kipimo gani kinachoamua itengenezwe au ibomolewe?

Mpenda_Miundo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo limenitatiza tangu nilipoanza kufuatilia historia ya Son of Beast, rolakosta ya mbao (yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi juu ya njia ya mbao) iliyokuwa katika bustani ya burudani ya Kings Island, jimbo la Ohio nchini Marekani. Ilifunguliwa mwaka 2000 ikiwa na kimo cha mita 66 na kasi ya kilomita 126 kwa saa, na mpaka leo hakuna rolakosta ya mbao iliyoifikia kwa vipimo hivyo viwili. Zaidi ya hayo, ilikuwa na kitanzi kilichompindua abiria kichwa chini, jambo ambalo lilikuwa geni kwa rolakosta za mbao za wakati wake.

Tarehe 9 Julai 2006 sehemu ya muundo wa mbao ilivunjika, njia ikabonyea, na treni ilipopita hapo abiria 27 wakaumia. Kampuni ya Cedar Fair, iliyokuwa imeinunua bustani hiyo siku chache tu kabla ya ajali, iliondoa kitanzi, ikaleta treni nyepesi na kuifungua tena mwaka 2007. Mwaka 2009 ilifungwa baada ya abiria mmoja kulalamika kwamba ameumia kichwani, ikasimama miaka mitatu bila kubeba mtu, na hatimaye ikabomolewa mwaka 2012.

Kinachonishangaza ni kwamba kampuni hiyohiyo iliifunga Mean Streak, rolakosta nyingine ya mbao katika bustani ya Cedar Point, mwaka 2016, nayo ikiwa imelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa inatikisa watu kupita kiasi, lakini hiyo haikuvunjwa. Ilivikwa reli mpya za chuma juu ya nguzo za mbao na kufunguliwa mwaka 2018 kwa jina la Steel Vengeance, na sasa watu husafiri kutoka mbali kwenda kuipanda. Teknolojia hiyo ilikuwapo tangu mwaka 2011, ilipotumika kuibadili Texas Giant iliyoko Six Flags Over Texas. Kwa nini basi mmoja alihukumiwa kufa na mwingine akapewa maisha ya pili? Je, kuna kipimo cha kihandisi, au wenye bustani huamua kwa hofu ya mahakama na magazeti? Mimi naelekea kuamini kwamba Son of Beast ilibomolewa kwa haraka, ila niko tayari kusikiliza hoja tofauti.

Fundi_wa_Mihimili amejibu:

Ndugu Mpenda_Miundo, kabla ya kuuliza kama chombo kitengenezwe, ni lazima kwanza ijulikane kasoro iko wapi. Katika rolakosta ya mbao kasoro inaweza kukaa kwenye reli, kwenye treni, au kwenye umbo la njia yenyewe, na mambo haya matatu hayafanani hata kidogo kwa uzito wala kwa gharama.

Tuanze na reli. Reli ya jadi ni matabaka ya mbao, mara nyingi saba au nane, yaliyolazwa moja juu ya jingine na kukazwa kwa misumari na bolti, kisha juu yake ukawekwa ukanda wa chuma ambao ndio magurudumu huukanyaga. Mbao hizo hunywa maji wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa ukavu, bolti hulegea, na pale ambapo treni hukandamiza kwa nguvu zaidi, hasa chini ya miteremko na ndani ya kona kali, matabaka hupondeka kidogo kidogo hadi linatokea bonyeo. Kila treni inayofuata hulipiga bonyeo hilo na kulikuza, na ndiyo maana rolakosta iliyokuwa laini mwezi wa kwanza inaweza kumgonga abiria mgongo mwisho wa msimu. Hata hivyo hilo si balaa. Kila bustani yenye rolakosta ya mbao ina maseremala wanaotembea juu ya njia kila asubuhi wakiwa na nyundo na spana, na kila msimu wa kufungwa hung'oa vipande vilivyochoka na kuweka vipya. Mbao za reli ni kama tairi za lori: ziliwekwa ili ziishe. Mtu akikwambia rolakosta ibomolewe kwa sababu reli zake zimechakaa, ujue hajaielewa au ana sababu nyingine ambayo hajaisema.

Kwenye treni mambo bado yanatibika. Behewa refu lenye ekseli mbili na safu tatu za viti haliwezi kufuata kona kwa upole, kwa hiyo hugonga upande huu na upande ule, likiumiza reli na abiria kwa pamoja. Mabehewa mafupi ya safu moja, yaliyounganishwa kwa viungo vinavyopinda, hupita kona ileile bila vurugu kubwa. GhostRider ya Knott's Berry Farm, California, iliyofunguliwa mwaka 1998, ilifikia hali ya kuwachosha hata waliokuwa wakiipenda. Ilifungwa, ikawekewa reli mpya za mbao sehemu kubwa ya njia pamoja na treni mpya, na tangu ilipofunguliwa tena mwaka 2016 inasifiwa kwa mwendo wake. Hakuna aliyelazimika kuigeuza kuwa ya chuma.

Shida kubwa iko kwenye umbo. Nguvu inayosukuma reli kwenye kona huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikipanda kutoka kilomita 90 hadi 126 kwa saa katika kona yenye upana uleule, nguvu hiyo inakaribia kuwa maradufu. Kona ambayo haikulazwa, yaani haikuinamishwa upande wa ndani, vya kutosha kuupokea mzigo huo itaelekeza nguvu pembeni, na mbao hustahimili kubanwa kutoka juu kuliko kusukumwa kutoka ubavuni. Hapo unaweza kubadilisha reli kila mwaka, nazo zitavunjika mahali palepale, kwa kuwa kinachozivunja ni mchoro.

Kwa maoni yangu Son of Beast ilikuwa katika kundi hili la mwisho. Angalia mfuatano wa hatua zilizochukuliwa: waliimarisha muundo, wakaondoa kitanzi, na kuondoka kwa kitanzi ndiko kulikoruhusu treni nzito za mwanzo zibadilishwe kwa nyepesi. Hizo ni tiba za reli na za treni, nazo zilitumika zote, na bado miaka miwili baadaye chombo kilikuwa kimefungwa tena. Aliyeizoea kazi hii hahitaji ushahidi mwingi zaidi ya huo.

Hesabu_za_Msimu amejibu:

Naongeza upande wa fedha, kwa sababu katika mijadala ya namna hii huwa inachukuliwa kwamba kubomoa ndiyo njia ya bei nafuu. Mahali palipokuwa Son of Beast palijengwa Banshee, rolakosta ya chuma iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa dola milioni 24. Linganisha na takriban dola milioni 10 zilizotajwa kwa mabadiliko ya Texas Giant. Kwa hiyo Kings Island haikubomoa ili kubana matumizi. Ilikubali kutumia zaidi ili ipate chombo ambacho jina lake halina kumbukumbu ya watu kupelekwa hospitali.

Hoja ya jina mimi siidharau, Ndugu Mpenda_Miundo, ingawa umeiita hofu ya magazeti. Mzazi anayesimama kwenye foleni na mtoto wake hasomi ripoti ya mhandisi. Chombo kikishafungwa mara mbili kwa majeraha, bima hupanda, foleni hupungua, na kila malalamiko madogo ya maumivu ya shingo hugeuka kesi inayoanza kwa kurejea ajali ya zamani. Mean Streak haikuwa na mzigo huo. Watu waliiona inachosha na inatikisa. Hawakuiona kuwa ya hatari. Mbele ya bodi ya wakurugenzi, chombo kinachochosha na chombo kinachotisha kwa ubaya si kitu kimoja, hata kama mbao zao zimechakaa sawasawa.

Mpenda_Miundo amejibu:

Nawashukuru nyote wawili. Hoja ya Banshee sikuwa nimeitazama kwa namna hiyo. Lakini Ndugu Fundi, ikiwa tatizo lilikuwa mchoro, je, mabadiliko ya chuma si ndiyo dawa hasa ya mchoro? Steel Vengeance haikufuata njia ya Mean Streak hatua kwa hatua. Kilele kilipandishwa kutoka mita 49 hadi mita 62, kona zikalazwa upya, na sehemu za kupinduka zikaongezwa. Wangeweza kuchora upya njia ndani ya msitu uleule wa nguzo za Son of Beast. Nguzo zilikuwa zimesimama tayari.

Fundi_wa_Mihimili amejibu:

Wangeweza, kwa maana ya kwamba fizikia haikatazi. Ila tazama kalenda. Uamuzi wa kubomoa ulitangazwa Julai 2012, na wakati huo rolakosta iliyokuwa imegeuzwa kwa reli za aina hiyo na kubeba abiria ilikuwa moja tu, New Texas Giant, yenye umri wa msimu mmoja na kimo cha mita 47 hivi. Iron Rattler ya Six Flags Fiesta Texas ilifunguliwa mwaka 2013, Twisted Colossus ya California mwaka 2015. Cedar Fair ilipofika kwenye uamuzi wa Mean Streak mwaka 2016, ilikuwa na mifano kadhaa ya kukagua na gharama halisi za kulinganisha. Mwaka 2012 wangekuwa wanajaribu mbinu changa juu ya muundo mrefu kuliko wowote uliowahi kujaribiwa, tena muundo ambao ndio hasa uliovunjika mwaka 2006.

Jambo hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Ukivika reli za chuma, bado nguzo na mihimili ya mbao chini yake ndiyo hupeleka mzigo ardhini. Reli mpya haimtibu mhimili uliooza au uliopimwa vibaya tangu mwanzo. Katika mabadiliko haya sehemu ya nguzo hung'olewa na kuwekwa mpya hata pale muundo ulipokuwa mzima. Sasa pale ambapo huuamini kabisa, unaishia kujenga rolakosta mpya huku ukijidai unaitengeneza ya zamani.

Tena chuma si kinga ya kila kitu. Julai 2013 abiria mmoja alianguka kutoka New Texas Giant na kufariki dunia, na chombo kikafunguliwa baada ya vyuma vya kumzuia abiria kubadilishwa na mikanda kuongezwa. Reli hazikuhusika. Nataja hilo kwa sababu wengi hudhani ukishaondoa reli ya mbao umeondoa na hatari.

Mtetezi_wa_Mbao amejibu:

Kwa heshima zote kwa Fundi, sikubaliani na namna kimo na kasi vinavyobebeshwa lawama hapa. Colossos ya Heide Park nchini Ujerumani ilifunguliwa mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya Son of Beast, ikiwa na mita 60. Ilibeba abiria kwa miaka kumi na mitano, na ilipofungwa mwaka 2016 kwa sababu ya kuchakaa, wenyewe waliamua kuiwekea njia mpya yote na kuifungua tena mwaka 2019. Tofauti ya mita sita haiwezi kuwa mpaka kati ya chombo kinachostahili kuokolewa na chombo kinachostahili kuvunjwa. Kilichotofautiana ni ujenzi. Reli za Colossos zilitengenezwa kiwandani kwa mashine, mbao zikagundishwa na kukatwa kwa usahihi ambao seremala aliye juu ya ngazi, akiukunja ubao kwa mikono dhidi ya upepo, hawezi kuupata hata awe hodari namna gani.

Nataka pia tusifikiri kwamba ajali ya kubonyea kwa njia ni hukumu ya moja kwa moja. El Toro ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, ni ya familia hiyohiyo ya reli za kiwandani. Mwezi Juni 2021 magurudumu ya behewa moja yaliacha njia. Mwezi Agosti 2022 treni ilipita mahali palipoharibika na abiria 14 wakaripoti kuumia. Wakaguzi wa jimbo wakakuta uharibifu katika muundo. Ukisoma tukio hilo bila jina la chombo, unaweza kudhani ni Kings Island mwaka 2006. Lakini El Toro ilirekebishwa ikafunguliwa tena mwaka 2023. Kwa nini? Kwa sababu mchoro wake ulikuwa umekwisha kuthibitika kwa misimu mingi ya watu kuupenda, na kasoro ilionekana kuwa mahali fulani panapojulikana. Hapo nakubaliana na Fundi kwamba ujue kwanza kasoro iko wapi. Nisichokubali ni kwamba ukubwa peke yake unatosha kuwa jibu.

Tena kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja, nayo ni mbaya kuliko zote mbili: kuiacha isimame bila uamuzi. Mbao ambazo hazipitiwi na treni wala hazikaguliwi hazitulii. Maji huingia kwenye matundu ya bolti, kuvu huanza ndani ambako jicho halifiki, na kila msimu gharama ya ukarabati hupanda bila mtu kufanya lolote. Big Dipper ya Geauga Lake, pia katika jimbo la Ohio, ilijengwa miaka ya 1920. Bustani yake ilipofungwa mwaka 2007 iliachwa kati ya magugu, wapenzi wake wakiomba iokolewe, hadi ilipovunjwa mwaka 2016. Ile miaka mitatu ya kimya ya Son of Beast ilifanya kazi ileile kwa kiwango kidogo. Laiti uamuzi wa kuigeuza ungeanza kufikiriwa mwaka 2009, nguzo zingekuwa na hali bora kuliko mwaka 2012.

Hesabu_za_Msimu amejibu:

Mwaka 2009 kampuni ya kuigeuza ingepatikana wapi, Ndugu Mtetezi? Reli yenyewe ilikuwa haijawahi kubeba abiria popote.

Mtetezi_wa_Mbao amejibu:

Hoja imepokelewa, Ndugu Hesabu. Basi walau wangeendelea kuikagua na kuipaka dawa.

Kumbukumbu_Hai amejibu:

Naingia kwa ufupi kuhusu rolakosta za zamani, maana kwao mizani ni nyingine kabisa. Leap-the-Dips ya Altoona, Pennsylvania, ilijengwa mwaka 1902, ikafungwa mwaka 1985, ikafunguliwa tena mwaka 1999. Giant Dipper ya San Diego ilifunguliwa mwaka 1925, ikafungwa mwaka 1976 na kunusurika kubomolewa kwa juhudi za wakazi, ikarudi kazini mwaka 1990. Scenic Railway ya Margate, Uingereza, ya mwaka 1920, iliungua moto mwaka 2008 na ikafufuliwa mwaka 2015. Kwa hesabu ya Ndugu Hesabu za Msimu, hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingepona.

Zilipona kwa sababu mbili. Kwanza, zilikwisha kuingizwa kwenye orodha za majengo ya kihistoria, na hilo huwapa watetezi wake hoja nzito, ingawa kwa Marekani orodha ya taifa peke yake haimzuii mmiliki binafsi kuvunja. Neno "kubomoa" likawa gumu zaidi kutamkwa. Pili, na hii inaunga mkono alichosema Fundi, vyombo hivyo ni vifupi au vya mwendo wa kiasi. Leap-the-Dips ina kimo cha mita 12 tu na haina hata magurudumu ya chini ya reli yanayozuia behewa kuruka, kwa sababu mwendo wake ni mdogo. Unaweza kubadilisha ubao mmoja baada ya mwingine mpaka usibaki hata mmoja wa mwaka 1902, na rolakosta ikaendelea kuwa ileile bila kumuumiza mtu. Rolakosta ya mita 66 haikupi nafasi hiyo ya subira.

Mpenda_Miundo amejibu:

Nimeelewa zaidi nilivyotarajia, ingawa bado nasikitika. Swali la mwisho kwa Fundi: ikiwa mmiliki angekuita leo kuhusu rolakosta ya mbao inayolalamikiwa, na akakuambia una muda wa msimu mmoja wa kufungwa kabla ya bodi kuamua, ungeanzia wapi?

Fundi_wa_Mihimili amejibu:

Ningeanzia kwenye daftari la matengenezo, kabla sijagusa ubao wowote. Kila bustani makini huandika ni kipande kipi cha njia kilibadilishwa na lini. Ningeichora njia nzima na kutia alama kila mahali palipowekwa mbao mpya. Alama zikitapakaa kila upande, hiyo ni rolakosta iliyozeeka kwa kawaida, na hapo namshauri mmiliki awekeze kwenye reli, pengine na treni pia. Alama zikirundikana kwenye kona mbili tatu, mwaka baada ya mwaka, basi kasoro ni ya mchoro wa kona hizo, na bado inaweza kutosha kuzijenga upya kona hizo peke yake, ama kwa mbao zilizokatwa kwa mashine ama kwa vipande vya reli za chuma vinavyofungwa pale tu panapoumia.

Baada ya hapo ningefunga vipimo vya mtikisiko kwenye treni tupu yenye magunia ya mchanga badala ya watu na kuvilinganisha vipimo hivyo na ramani yangu, kwa sababu sehemu ambazo abiria hulalamikia si lazima ziwe ndizo zinazoiharibu njia. Mwisho ningepanda kwenye nguzo pamoja na mtu wa kutoboa matundu membamba ya kupima mbao kwa ndani, hasa kwenye viungo na karibu na misingi ambako maji hutuama, na wapimaji wangeangalia kama nguzo zimehama kutoka mahali zilipochorwa. Mmiliki huwa anataka hatua hii ya mwisho ifanywe kwanza kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa kazi. Mimi huiweka mwisho kwa sababu ni ghali, na daftari likishaonyesha kwamba njia nzima imekuwa ikivunjika tangu msimu wa kwanza, sioni sababu ya kumtoza pesa za kutoboa nguzo ambazo tutazishusha.